Dumu Moja kwa Dakika

Pampu ya jengo imekufa tangu Jumanne.
Lifti ilikufa kabla sijahamia.
Maji ya ghorofa ya sita, Mtaa wa Swahili,
yanapanda kwa miguu ya Pazi.

Ngazi mia na nane. Nilizihesabu
zamani, nilipokuwa na sababu ya kushuka.
Anagonga kwa kisigino, mikono imejaa:
madumu mawili ya lita ishirini,
mshipa wa shingo unacheza wazi.
Namwambia weka chini, lete mkono.

Miaka thelathini na moja wodini
haitoki vidoleni. Saa ya ukutani:
mia na hamsini na mbili.
Anacheka huku anahema. "Nani ameuambia, Bi Kanaeli?
Mimi sijauambia kitu."

Ungengoja amri yako, ungeanguka ghorofa ya pili.
Kuna neva inatoka kichwani, ndefu, mzururaji,
inapita shingoni na kuushika moyo
kama mama anavyomshika mtoto ukosi wa shati
pale Msimbazi barabara ikichachamaa.
Bila yake, hata umekaa kitini unakunywa chai,
moyo ungepiga mia.
Utulivu wako, Pazi,
ni kazi ya mtu anayevuta nyuma.

Ulipoinua madumu, ameachia.
Ghorofa ya tatu, neva za upande wa pili zinachochea;
tezi mbili zilizovikwa figo kama kofia
zinamwaga dawa yao kwenye damu.
Ya nne, misuli ya mapaja inakamua mishipa,
damu inarudi kwa fujo,
na moyo, hapa sikiliza,
haubishani na kinachoingia.
Ukiletewa kingi unatanuka,
ukitanuka unasukuma zaidi.
Haujui kulimbikiza.

Nikachukua kalamu, nyuma ya risiti ya LUKU:
mapigo mara ujazo wa pigo.
Umekaa: sabini, mara mililita sabini,
karibu lita tano. Dumu la mafuta ya kula
kila dakika.
Mlangoni kwangu: madumu matatu.
Dakika tano za kupanda, jumlisha mwenyewe,
zinapita hamsini.
Akatazama arobaini zake sakafuni.
"Kumbe ndani nabeba kuliko nje.
Na huko ndani silipwi."

Kisha: "Na wako?"
Si kwa dole gumba, utahesabu lako.
Sabini, akasema. Akangoja. Sabini.
Chini ya mtulinga wa kushoto nina betri,
bapa, toleo la zamani.
Usingizini sabini. Msibani kwa mume wangu, sabini.
Neva inaita, tezi zinamwaga,
betri haigeuki kutazama.
Haijui ngazi.

Juzi nilishuka. Nilitaka nyanya
nilizozibonyeza mwenyewe.
Kupanda, Pazi mbele na madumu,
mimi nyuma na mfuko wa nailoni,
kila kituo naketi kwenye ngazi
na yeye anaweka mzigo chini bila kuulizwa.
Namshika mkono: mia na arobaini,
mia na kumi na tano, tisini na nane.
Wale walinzi wa shingoni wanaopima msukumo
wametuma neno juu, na mkono wa mama
umerudi kwenye ukosi.

Naye akanishika mimi, kwa vidole viwili, sawasawa.
"Sabini," akasema. Akakunja uso.
"Lakini kila moja ni nzito."
Ndiyo. Nikinyimwa haraka, nimebaki na ujazo.
Moyo unangoja kujaa, unajaa,
unatoa chote ulicholetewa,
na bado hautoshi ghorofa sita.
Unatosha moja. Halafu nyingine.

Ya nne tulikaa kupita ilivyohitajika.
Mtu wa ghorofa ya tano akatupita, hakusalimu.
Ndani ya dumu maji yalikuwa bado yanayumba,
taratibu,
kama hayajaambiwa kwamba tumesimama.