Sheria Ndogo

Niliipiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili,
maana Vlasta wa masjala alikuwa na mafua,
nami ni meya asubuhi tu; mchana ni fundi wa pampu.
Sheria Ndogo Namba Kumi na Nne.
Aya tatu. Haikujaza ukurasa.
Kuanzia Machi, duka lolote mjini Hlavin
lisimpe mteja mfuko wa plastiki,
wa bure wala wa kununua.

Hatukuwa na nia ya kuiokoa dunia.
Tulikuwa na ndama wa Eusebio Cantú,
aliyefia kwenye ua wa seng'enge, tumbo limevimba.
Daktari wa mifugo alipompasua
akavuta mifuko, mmoja umeshika mwenzake,
kama mfanya mazingaombwe na vitambaa vyake.
Alifika thelathini na mmoja, akaacha kuhesabu.
Tulikuwa na robota la pamba
lililorudishwa kutoka bandarini
kwa sababu ya uzi mmoja wa njano.
Na upepo wa Texas hauna adabu:
ukivuma kutoka magharibi
huivika miti ya miiba nguo za ndani.

Kura nne kwa moja.
Aliyepinga ni Delbert mwenye duka,
na kesho yake akaniletea kikapu cha marehemu mamake
nione kama mtu angeweza kuiga ule msuko.

Miaka miwili miti ilikaa uchi.
Tukaizoea.

Kisha barua. Karatasi nzito, muhuri wa dhahabu.
Mfuko, inasema, ni chombo,
na mambo ya vyombo ni ya jimbo.
Chombo!
Nilisoma kwa sauti, Vlasta akacheka hadi akakohoa.
Chombo hutunza kitu.
Huu hauyafikishi mayai kwenye gari.

Ni jimbo lilelile
ambalo kila msimu liko mahakamani na Washington:
tuacheni, nyumba yetu tunaijua wenyewe.
Nami hupiga makofi, sifichi.
Ila nyumba ina vyumba,
na chumbani mna mtu anayejua paa linavuja wapi.
Mkuki ni uleule; nguruwe ndiye aliyebadilika.

Tungekata rufaa kwa fedha gani?
Bajeti yetu ya mwaka
haimlipi wakili mmoja hadi Pasaka.
Nikaenda kuling'oa bango mlangoni kwa Delbert.
Alinishikia ngazi.
Hakusema nilikwambia.
Alisema, "Skrubu usizitupe."

Alhamisi ikavuma.
Mfuko mweupe ulivuka barabara ya reli,
ukapita juu ya benki, juu ya kanisa la Mtakatifu Prokopi,
ukanasa kwenye mlingoti wa ofisi yetu,
chini ya bendera ya taifa, chini ya bendera ya jimbo,
pale ambapo ingekaa ya mji
kama mji ungekuwa nayo.
Ukajaa upepo.
Ukapepea vizuri tu.