Ngazi za Mataruma

Ukija kwetu Mikindani usiulize namba ya nyumba.
Upande wetu hauhesabiwi kwa kulia na kushoto,
wahesabiwa kwa pumzi.
Pumzi ya kwanza, duka la Mutinda, sukari ya kupima.
Ya pili, mfereji uliokauka mwaka wa mvua nyingi.
Ya tatu, shika ukuta.
Hapo ndipo kwa mama.

Wa kwanza kupanda alikuwa Nyawa, na mbuzi wake.
Kisha wakaja watu wa reli, Rajula na wenziwe,
wamechoshwa na vyumba vya kampuni, vitanda vya zamu,
shuka haijapoa, mwingine yuwalala.
Wakakichimba kilima kwa jembe moja la kuazimana.
Udongo wa aliye juu
ukawa sakafu ya aliye chini,
ndiyo maana hata leo tukigombana
hakuna asemaye "toka kwangu".
Hujui kwako kwaishia wapi.

Njia ilikuwa utelezi mtupu
hadi masika aliyofariki Bi Mejumaa.
Jeneza liliposhuka, wa mbele walikwenda kwa magoti,
wa nyuma kwa visigino,
na pale penye choo cha kina Tsuma
likawaponyoka.
Lilivyofika chini hatusimulii.
Twasema tu: lilimtangulia imamu.

Jumatatu yake Rajula akaja na taruma begani,
chuma chakavu, kutu hadi kwenye masharubu.
Hakusema alikolitoa.
Hakuulizwa.
Akalilaza palepale, akalikanyaga mara mbili, akaenda kazini.
Wiki iliyofuata, jingine.
Kilima kikaanza kuota mbavu.

Alifika sitini na nne.
La sitini na tano lilikuwa limeegemea ukuta wetu
aliposhushwa yeye, asubuhi ya kiangazi,
ngazi kwa ngazi, juu ya kazi yake mwenyewe,
wala kikombe cha maji kisingemwagika.

Juzi walikuja vijana wa upimaji, viatu vyeupe.
Ramani yao imelala bapa kama chapati.
Wakatweta, wakakaa, wakamwonyesha mama kwa kalamu:
hapa nyumba yako na ya Tsuma ni nyumba moja,
kitanda chako kimo jikoni mwake.
Mama akawapa maji kwanza.
Kisha akasema, "Ramani yenu haina magoti."

Kutoka kibarazani petu waona hori lote,
matangi ya Changamwe, moshi, magari ya Makupa
yaliyokwama tangu alfajiri.
Kisiwa chote chaonekana, isipokuwa mlango wa jirani:
huo uko chini ya nyayo zako.

Taruma la mwisho bado liko ukutani.
Watoto hulinolea visu, kuku hulalia kivuli chake.
Nimemwambia mama mara ngapi tulilaze,
pale juu pabaya, atavunjika nyonga.
"Liacheni," asema, akipepeta mchele.
"Mtalilaza siku nishukayo mimi."