Kibendera

Saa tano asubuhi, geti la uwanja wa ndege Kisumu.
Watu wanamwagika kama mchele gunia likitoboka,
jezi za samawati, jezi nyeupe, matarumbeta,
mmoja kajipaka rangi hadi ndani ya masikio.
Teksi zimepandisha bei bila haya.
Yeye akachagua tuktuk yangu:
mtu mwembamba, mkoba mmoja, viatu vya kung'aa.
"Mamboleo. Uwanjani. Upesi."
"Tiketi unayo?"
"Ninayo ya kusimama."

Barabara kuu imefungwa, mkubwa fulani anapita.
Nikachepuka Bandani, vumbi,
nikaingia Obunga, moshi wa mgongo wazi ukatupokea,
mbuzi katikati ya njia akitukazia macho
kama askari anayengoja chochote.
Kondele tukasimama. Kondele kila mtu husimama.
Kijana akachungulia: "Mzee, sisi au wao?"
Abiria akatabasamu kwa meno tu.
Zipu ya mkoba haikufunga vizuri.
Nikaona kijiti, na kitambaa, njano na nyekundu.

Sikusema kitu.
Mimi Ogweno, niliyeipaka tuktuk samawati
kwa mkopo wa chama cha mke wangu,
nimembeba mshika kibendera.

Mechi niliisikia nje ya ukuta.
Uwanja ulinguruma kwanza,
redio ikafuata nyuma sekunde mbili,
kwa hiyo kila furaha ilinifikia mara mbili.
Dakika ya themanini na nane
ukuta ukapasuka kwa kelele,
nikawa nimeshapanda juu ya kiti, nimeshamkumbatia muuza karanga,
kabla mtangazaji hajafika.
Alipofika, alisema:
kibendera kiko juu.

Saa kumi na mbili akatokea mlango wa nyuma,
koti amelivaa ndani nje.
"Uwanja wa ndege," akasema. Upesi hakusema.
Nikamtazama. Kisha nikatoa leso ya mke wangu,
ile ya kufunikia mkungu sokoni,
nikamlaza, nikamfunika.

Kondele, matairi yanawaka.
"Umebeba nini?"
"Ndizi."
"Tupe."
"Mbichi," nikasema,
na mikono yangu ikatetemeka kwenye usukani
hadi taa za Obunga.

Huko ndipo nilipouliza.
"Alikuwa ameotea?"
"Ameotea."
"Kiasi gani?"
Mkono ukatoka chini ya leso,
kidole gumba, na kucha ya mkono wa pili
ikikikata katikati.

Nusu ya gumba.
Nikaendesha nikiitazama hiyo nusu
barabarani, mbele ya taa, njia nzima.

Getini akanipa elfu moja.
Asubuhi nauli ilikuwa mia nne.
Nikamrudishia mia sita, nikazihesabu mbele yake, mara mbili,
watu wakiona.
Akazipokea kwa mikono yote miwili.

Ndege ikapaa, ikainama juu ya ziwa, ikazima taa mawinguni.

Nyumbani mke akainusa leso.
"Hii jasho ya nani?"
"Ya ndizi," nikasema,
nikaenda kulala bila kula.