Mlango Alioufungua Stumai

Hodi, nimebisha. Kioo kikajibu papo hapo:
umekataliwa.
Nashukuru. Afadhali hivyo kuliko kimya,
kile kimya cha mlinzi anayekuchungulia tunduni
asiseme neno, mpaka jua likuondoe mwenyewe.
Kukataliwa huku kuna adabu: nyumba ipo,
mwenyeji yupo, ila mlango huu hana mtu.

Gerezani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri.
Chini wanagonga rimu za Fuso
na Bwana Lyimo anapaza sauti kwenye ngazi:
"Fundi! Wateja wa beringi wamejaa, stoo haisomi!"
"Inakuja, bosi."
Haiji.

Nimebisha 3306, pale dunia nzima inapobisha.
Stumai, aliyekaa kiti hiki kabla yangu, ameuziba.
Nampigia. Yuko Kisarawe kwa mama yake,
arobaini haijatimia, mtoto analia sikioni mwangu.
"Mlango wa mbele kila kibaka anaujua," anasema.
"Zunguka uani. Tatu tatu sifuri saba."

Nikazunguka. Nikaandika p, nikaambatisha namba.
Mashine ikadhani namnong'oneza nywila.
Stumai akacheka, kicheko cha mtu asiyelala:
"P kubwa ndiyo mlango, p ndogo ndiyo siri.
Utakuja kutangaza siri barazani, wewe."

Kubwa, basi. Bado.
Kwa haraka zangu nilikuwa nimeandika jina la mkato,
nikamwambia tu nenda nyumbani,
na anayeambiwa nyumbani haulizi namba:
hupita ujia wake wa ndani, wa tangu utoto,
hata kama ujia wenyewe ulishabomolewa.
"Mpe anwani kamili," Stumai akasema, "na nukta zake zote."

Mia ishirini na saba, nukta, sifuri, nukta, sifuri, nukta, moja.
P kubwa. 3307.

Beringi mia nne na kumi na mbili.
Fenibelti thelathini na saba.
Plagi, kata za mafuta, deni la Mzaramo wa Kiluvya tangu Machi.
"Imefunguka!"
"Shh," akasema. "Amelala."

Nikaiandika namba kwa kalamu ya wino mzito
chini ya kibodi, kwa atakayebisha nisipokuwepo.
Kisha nikalamba kidole, nikaifuta ile saba.
Atakayekuja, na anipigie.