Yu

Kalenda ile aliiacha Injinia Hu
siku baba alipomchomelea toroli bure.
Mwaka wake ulishapita,
lakini mwezi wa Tisa haukuchanwa:
kifuniko cha ekseli ya gari la farasi, shaba nyeusi,
sura ya chui aliyekunja pua,
na pini ya kuzuia gurudumu lisitoroke.
Pembeni, pambo la jiwe,
kijani cha ndizi siku tatu kabla ya kuiva.

“Jiwe hilo kwetu ni yu,” Hu alisema.
“Kisu hakilikati. Ni mchanga na maji,
unasugua mpaka mwanao anaota ndevu.”
Baba akacheka. Yu? Yu nani?
Yu wapi aliyesugua?
Hu akageuza karatasi.
Nyuma palikuwa na mwezi wa Kumi tu.

Karakana yetu ilikuwa Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mikokoteni. Ekseli za Pijo zilizokufa, mbao za mgrevelia.
Wateja waliuliza: inabeba gunia ngapi?

Mwezi ule baba aliyeyusha koki za bomba,
akamimina kwenye udongo wa mto Karanga.
Chui akatoka na shavu moja.
Akamrudia. Macho akampa chupa ya bia
iliyosuguliwa kwa mchanga na maji
huku mama akihesabu mafuta ya taa.

Kirumbuyo, mbeba ndizi wa Kiboriloni,
aliuzunguka mkokoteni wake mpya.
“Fundi, hii inaongeza bei?”
“Haiongezi.”
“Inaongeza nguvu?”
“Haiongezi.”
“Sasa?”
“Peleka ndizi, zisije zikaiva.”

Gari la mfalme yule lilizikwa naye,
farasi wamelala ubavu,
shaba ikanywa udongo miaka elfu tatu.
La Kirumbuyo lilikamatwa na mgambo.
Likarudi bila chui,
tundu la pini limefungwa waya.
Baba aliinama, akaukagua ule waya kwa kidole.
“Umekazwa vizuri,” akasema.
Hakutengeneza chui mwingine.

Nikishuka sokoni sasa
nainama kila mkokoteni unaposimama.
Watu hudhani nimedondosha hela.
Natazama kitovu cha gurudumu:
msumari uliopindwa, kipande cha ndara,
waya, waya,
na mara moja, mbele ya duka la mbegu,
kifuniko cha sufuria kilichokatwa kama jua.

Yu nani huyu, nikamuuliza msukumaji.
Akadhani namdai.