Kichwa Kule, Miguu Huku

Wanafunzi wangu hupenda fasili fupi.
"Dola ni mwili," wanaandika, "na mpaka ni ngozi yake."
Nawapa alama zao.
Siwaambii kwamba babu yangu,
mfu wa miaka tisa, ametulia zake,
alikatwa na ngozi hiyo kiunoni.

Ilikuwa Septemba, mwaka wa arobaini na saba.
Wapimaji walifika Miren na ndoo ya chokaa
na ramani iliyokatwa shauri Paris,
juu ya meza ambayo haikuzikiwa mtu.
Mstari ukapita mizabibu ya kina Vižin,
ukaruka ukuta wa makaburi bila kupiga hodi,
ukamkuta Jernej Faganel, ukamvuka.
Kichwa Italia. Miguu Yugoslavia.
Na moyo? mtu aliuliza.
Mpimaji kijana akafungua daftari, akatafuta safu yake,
akafunga.

Jiwe la kichwani lilimwita Bartolomeo,
maana serikali ile ilitafsiri majina ya watu
kama lebo za chupa.
Alizaliwa kwa Kaisari, akampigania Galicia,
akafa kwa mfalme mwingine,
kisha uraia wa tatu ukamjia usingizini,
nusu yake tu.

Mpaka ulipakwa. Mpaka lini, hawakusema.

Novemba mosi, siku ya mishumaa ya wafu,
bibi Justina aliwasha wake nyayoni.
Dada yake Pavla, ambaye kitanda chake kilikuwa kimeamkia ng'ambo,
akawasha wake kichwani.
Katikati askari, bunduki begani,
akichunga visigino vya wanawake wawili.
Upepo ukainamisha ndimi zote mbili za moto
upande mmoja.
Hilo halikuingia kwenye ripoti.

Baadaye sana serikali mbili ziliketi tena,
mstari ukasogezwa hatua chache.
Babu akawa mzima, kwa maana ya kiofisi.
Pavla alikuwa keshazikwa Gorizia.

"Sasa, Profesa, yeye hasa alikuwa nani?"
Alibembeleza ng'ombe kwa Kislovenia,
akawatukana kwa Kiitaliano,
na fedha, alipokuwa nazo, alizihesabu kwa Kijerumani.
Andikeni hivyo, nasema.
Kalamu zinasita.
Mmoja nyuma ananyoosha mkono,
anauliza kama hilo litakuja kwenye mtihani.