Jina kwa Kidole cha Mguu

Kilichanika kama kitambaa,
nyuma ya mguu, chini kidogo ya goti,
kamba ikiwa bado imeuma paji la uso
na gunia la makala bado mgongoni.
Sikuanguka. Niliketi palepale kwenye ngazi za Kadutu
na soko likaendelea kunipita:
miguu, miguu, miguu ya watu.

Usiku shavu la mguu likaumuka kama unga wa mandazi,
likang'aa, likajiwashia moto wake.
Mama mkwe: usiukanyage mpaka mwezi uishe.
Jirani: sugua kwa nguvu, damu mbaya itoke.
Mimi: na kodi ya nyumba?

Cirhuza, mtu wa kine pale kituoni,
hakusugua. Alibonyeza kwa dole gumba
akangoja kishimo kijae.
"Uvimbe huu ni mafundi," akasema.
"Wamekuja kushona, wamekuja na maji mengi.
Wape siku tatu. Halafu uwafungulie mlango,
maana wakikaa bila kazi wataharibu nyumba."
Mlango wenyewe uko wapi?
"Mguu ukisogea, ndio mlango."

Lala chali, inua mguu,
kidole kikubwa kiandike jina lako hewani,
asubuhi mara tano, jioni mara tano.
Sikumwambia kwamba jina langu
sijui linavyoandikwa.

Binti yangu akalichora ukutani kwa kipande cha makala:
NSIMIRE.
N ilikuwa rahisi: kupanda, kushuka, kupanda,
Bukavu yenyewe.
S iliniliza.
I zote mbili nilizipenda, zinapumzisha.
Wiki ya pili R ikakubali kugeuka.
Wiki ya tatu nikapanda ngazi tisa, nikashuka,
nikabonyeza: kishimo hakikuchelewa.
Maumivu yalibaki, lakini madogo,
kama mpangaji anayejua tarehe yake ya kuhama.

Jana mtu wa ushuru akanisogezea wino,
kama kawaida, kwa ajili ya dole gumba.
Nikasema, leta kalamu.
Mkono ukasita; wenyewe haukuwahi kufundishwa.
Chini ya meza, ndani ya kandambili,
mguu ulikuwa umeshafika kwenye M.